Virginia Woolf
Virginia Woolf (25 Januari 1882 – 28 Machi 1941) alikuwa mwandishi wa riwaya na insha kutoka nchini Uingereza.

Alizaliwa mjini London kwa jina la Adeline Virginia Stephen. Utotoni hakupelekwa shule kama ndugu zake wa kiume, bali alisoma nyumbani, katika maktaba ya baba yake. Mama yake alifariki mwaka 1895, naye Virginia, akiwa na miaka 13, akaugua akili kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1912 aliolewa na Leonard Woolf. Mwaka 1917 walianzisha nyumbani kwao Hogarth Press, kwa mashine ndogo ya kuchapa kwa mkono. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana: tangu Jacob's Room (1922) riwaya zake zilitoka humo, hivyo hakulazimika kumridhisha mhariri yeyote.

Mrs Dalloway (1925) husimulia siku moja tu ya Juni mjini London. Msomaji hupitishwa kutoka fikra za mhusika mmoja hadi za mwingine, mbinu iitwayo mkondo wa fikra. Clarissa anaandaa karamu. Septimus, askari aliyeathirika akili katika Vita Kuu ya Kwanza, anajiua. Hawakutani kamwe, ila habari za kifo chake zinafika karamuni. Madaktari wa Septimus hawamsikilizi, na hapo Woolf aliandika jambo alilolijua.

Katika To the Lighthouse (1927) miaka 10 hupita kwa kurasa chache, na kifo cha Bi Ramsay, aliyechorwa kwa mfano wa mama yake mwandishi, hutajwa ndani ya mabano tu.

Mwaka 1941, akihofia kwamba ugonjwa unamrudia, alijiua katika mto Ouse, Sussex.