Chuck Jones: Mwongozaji wa katuni aliyechelewa kukabidhiwa heshima yake

Machi 1950, filamu mbili fupi za katuni zilizoongozwa na Chuck Jones zilinyakua tuzo za Oscar katika usiku mmoja. Hata hivyo, hakuna sanamu iliyofika mikononi mwake. Kwa utaratibu wa wakati huo, tuzo ya filamu fupi ilikabidhiwa kwa mtayarishaji, Eddie Selzer.

Jones alizaliwa Septemba 21, 1912 mjini Spokane, jimbo la Washington, Marekani. Baada ya kusomea sanaa katika Chuo cha Chouinard, Los Angeles, alianzia ngazi ya chini kabisa: kuosha karatasi angavu za plastiki zilizochorwa katuni ili zitumike tena.

Mwaka 1933 alijiunga na studio ya Leon Schlesinger, iliyotengeneza katuni za Warner Bros., na mwaka 1938 akaongoza filamu yake ya kwanza. Sungura Bugs Bunny na bata Daffy Duck hawakuwa wake peke yake, lakini aliwapa haiba iliyowatofautisha. Mwaka 1949, akishirikiana na mwandishi Michael Maltese, aliwaleta Road Runner, ndege asiyekamatika, na Wile E. Coyote, mbweha ambaye kila mtego anaoutega humrudia mwenyewe.

Mwaka 1962 Warner Bros. ilimwachisha kazi ilipobaini kuwa alishiriki kutengeneza filamu ya studio nyingine kinyume cha mkataba. Kwa mtu aliyeitumikia kwa takriban miaka 30, lilikuwa pigo zito.

Lakini hakukata tamaa. Alihamia MGM, akaongoza katuni za Tom na Jerry, na mwaka 1966 filamu yake The Dot and the Line ikashinda Oscar. Safari hii, jina lake lilikuwa miongoni mwa waliotuzwa.

Heshima ziliendelea kumfuata. Mwaka 1992, What's Opera, Doc? ya mwaka 1957 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa Marekani. Mwaka 1996 alitunukiwa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote.

Jones alifariki dunia Februari 22, 2002 huko California, akiwa na umri wa miaka 89. Ameacha filamu zaidi ya 200, ambazo hadi leo zinawachekesha watoto na wazazi wao.