Marehemu John Akii-Bua: Kijana Akakulie Wapi Kimichezo?

Kijana mwenye kipawa cha michezo akimaliza masomo hapa Mgeta, swali huwa lile lile: aende timu gani? Maisha ya marehemu John Akii-Bua wa Uganda yana jibu.

Alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda. Alipojiunga na Polisi hakuwa bingwa. Huko alipata mshahara, nafasi ya mazoezi, na mkubwa wa kumwongoza: Jerom Ochana, afisa wa polisi aliyekuwa hodari wa mbio za kuruka viunzi. Baadaye akafundishwa na Mwingereza Malcolm Arnold.

Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa 4 katika mita 400 kuruka viunzi. Hakukata tamaa. Alirudi nyumbani kuongeza mazoezi. Tarehe 2 Septemba 1972, katika Olimpiki ya Munich, alipangiwa njia ya ndani kabisa, yenye kona kali, lakini alishinda kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia. Alifariki mwaka 1997.

Enyi vijana, msikimbilie jina la timu. Ulizeni kwanza: nitashindana mara kwa mara, au nitakaa benchi? Yupo wa kunifundisha? Riziki nitaipata?

Nanyi wenzetu mlio Polisi, jeshini na viwandani, mkimwona kijana wa Mgeta, mshikeni mkono kama Ochana alivyomshika Akii-Bua.