Mtwa Mkwawa na Fuvu Lake

Katika masomo yetu hapa Kilakala tunafundishwa kuwa mtu mzima ana mifupa 206, na kwamba fuvu peke yake lina 22: minane huuzunguka ubongo, na 14 hufanya uso. Leo napenda kuwasimulia habari za mtu ambaye fuvu lake liliandikwa katika mkataba wa mataifa.

Huyo ni Mkwawa, Mtwa wa Wahehe, mwana wa Munyigumba. Makao yake yalikuwa Kalenga, karibu na Iringa, nayo aliyazungushia ukuta. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilishambulia jeshi la Wadachi pale Lugalo, na mkuu wake, Emil von Zelewski, akauawa. Atokaye Morogoro kwenda Iringa kwa barabara hupita karibu na mahali hapo.

Mwaka 1894 Wadachi walirudi na mizinga, wakaiteka Kalenga. Mkwawa hakusalimu amri. Alipigana nao porini hata tarehe 19 Julai 1898, alipokaribia kukamatwa huko Mlambalasi, akajipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa, kikachukuliwa.

Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliwaamuru Wadachi walirudishe fuvu hilo katika miezi sita. Ikapita miaka 35. Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda Bremen, akakuta mafuvu mengi katika jumba la makumbusho. Yalipimwa upana kwa urefu, yakalinganishwa na vichwa vya jamaa za Mkwawa, na tundu la risasi likatafutwa. Moja likachaguliwa. Tarehe 19 Juni 1954 mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, alikabidhiwa fuvu hilo Kalenga, nalo limehifadhiwa huko.

Nimelifikiri sana jambo hili. Umbo la fuvu hurithiwa kwa kiasi, lakini watu wengi huweza kuwa na kipimo kimoja. Kipimo humwondoa asiyefanana; hakimtaji jina anayefanana. Ndiyo maana wako wataalamu wenye shaka mpaka leo. Lakini hata kama shaka hiyo ni ya kweli, fuvu lile ni la mtu aliyepelekwa mbali bila ridhaa ya ndugu zake.

Basi, wenzangu, tunapohesabu mifupa darasani, tukumbuke kuwa kila fuvu lilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa na kwao.