Sheikh Amri Abeid: Mtoto wa Ujiji anayeishi kwenye jina la uwanja

UKIPANDA boti Kigoma mjini kuelekea kaskazini, unapita Hifadhi ya Gombe na sokwe wake, kisha unafika Mwamgongo. Kijiji kimebanwa kati ya ziwa na milima, kwa hiyo chandimu inapigwa palepale ufukweni, pembeni ya dagaa walioanikwa. Ukipaisha mpira ukaangukia majini, unaufuata mwenyewe.

Jioni niliyokuwa pale, vijana walikuwa wanabishana kuhusu fainali za Kombe la Shirikisho. Ile ya Julai 2021 hakuna ubishi, maana ilichezwa mkoani kwao, Uwanja wa Lake Tanganyika, na Thadeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee dhidi ya Yanga. Ikaja ya Julai 2022, Yanga na Coastal Union, mabao 3-3, Sopu katupia zote tatu na bado Yanga wakabeba kwa penalti. Ilipigwa wapi? Wote wakajua: Sheikh Amri Abeid, Arusha.

Nikawauliza huyo Sheikh Amri Abeid alikuwa nani. Kimya. Mmoja akabahatisha kwamba ni mfadhili wa timu fulani ya Arusha, mwingine akasema beki wa zamani wa Taifa Stars. Na mimi nisijifanye mjuaji, nimeliandika jina hilo kwenye ripoti za mechi mara kibao kabla ya kujiuliza swali hilohilo.

Jamaa ni wa kwao kabisa. Amri Abeid Kaluta alizaliwa Ujiji mwaka 1924, mwambao huohuo wa Ziwa Tanganyika. Akasoma Tabora, shule aliyosoma pia Mwalimu Nyerere. Baadaye akawa mubalighi wa Jumuiya ya Ahmadiyya, na alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 30 tu, akatoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Wenye kuona mashairi ni mambo ya darasani wanisikilize kidogo. Washairi wa Kiswahili walikuwepo karne nyingi kabla yake, na walijua vizuri kwamba mstari wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwa nane, na vina vyake lazima vikae mahali pake. Ila ujuzi mwingi ulikuwa kichwani mwa mafundi. Fundi akifa, anazikwa nao. Yeye akakaa chini akaziandika sheria, ili hata mtoto asiye na fundi jirani ajifunze. Ni kama kocha anayewaachia vijana daftari lake la mazoezi badala ya kuondoka nalo kwapani.

Siasa nayo ikamwita. Kabla hata ya Uhuru wa Desemba 1961, alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, yaani mwandishi wa sheria za mashairi sasa kakabidhiwa sheria za nchi. Mwaka 1964 akahamia wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Oktoba mwaka huohuo akafariki dunia, nchini Ujerumani, akiwa na miaka 40.

Miaka 40! Kwenye soka hiyo ni dakika ya 40, unatolewa nje hata mapumziko bado. Lakini kitabu chake kinaendelea kutajwa na wanaosoma ushairi, na jina lake linatangazwa redioni kila mechi inapopigwa pale Arusha.

Hapa ndipo inapotugusa sisi watu wa mpira. Vijana wetu wengi wanacheza kama vile mechi haitaisha. Mkataba wa kwanza ukisainiwa, pesa inaishia kwenye gari na starehe, na akiumia goti hakuna alichobakiza, si nyumba, si hata dogo mmoja mtaani aliyemfundisha kupiga krosi. Sheikh Amri hakujua atapewa dakika ngapi. Alichofanya ni kutosubiri kipindi cha pili.

Watu wa Mwamgongo wanaelewa somo hili kuliko sisi wa mjini. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kwa familia inayokula kwa wavu, miezi mitatu si mchezo. Lakini ukivua mpaka vifaranga, mtoto wako atarithi wavu mtupu.

Giza lilipoingia, wale vijana walikuwa bado wanambishia mwenzao aliyesema Ujiji sasa inaidai Arusha kodi ya jina. Kabla sijaondoka, kaka mmoja mkubwa aliwakusanya madogo na kuanza kuwaonyesha namna ya kupiga penalti kwa mguu wa kushoto. Hakuna aliyemlipa.