Alphonse Pénaud na Kindege cha Mpira

Mtu wa pwani akifika Eldoret hulakiwa na baridi kwanza, kisha na watoto wenye ndege za mabua ya mahindi. Utawaona vichochoroni wakikimbia nazo mkononi, rafadha ya kipande cha kopo ikizunguka kwa upepo, na wakubwa wakiwakemea waache upuuzi wakashike vitabu. Tangu mwaka 1997 mji huu una uwanja wa ndege wa kimataifa, lakini macho ya mtoto yako kwenye kile kidogo alichokiunda mwenyewe. Basi leo, msomaji, natumkumbuke mtu aliyeonyesha kwamba upuuzi huo una maana kubwa.

Alphonse Pénaud alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1850. Baba yake alikuwa amiri wa jeshi la majini, na kijana alitazamiwa kufuata nyayo hizo. Hakujaliwa. Alishikwa na maradhi ya nyonga yaliyomlemaza, akawa mtu wa magongo. Bahari ilipomkataa, akainua macho kutazama anga.

Kuruka ni tamaa ya kale. Sote tuliokaa chuoni tunajua jinsi Kurani inavyotutaka tuwatazame ndege na mbawa zao juu yetu. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, ameandika habari za Abbas ibn Firnas wa Qurtuba huko Andalusi, ambaye katika karne ya 9 alijivika manyoya na mbawa, akaruka kitambo, kisha akaanguka na kuumia mgongo. Sababu iliyotolewa ni kuwa hakujitilia mkia, hali ndege hutua kwa mkia. Msomaji auweke mkia huo moyoni, tutaurudia.

Taabu ya mafundi wa zama za Pénaud ilikuwa nguvu. Mitambo ya mvuke ilikuwa mizito mno kupaa. Yeye, mwaka 1870, alichukua ukanda wa mpira, akausokota, akauachia ujisokotoe wenyewe na kuzungusha rafadha. Chombo chake cha kwanza kilipaa wima, kama helikopta za leo.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, alirusha kindege chenye mabawa mbele ya wataalamu. Kilikuwa na upana wa sentimita 45 hivi toka ncha hadi ncha ya bawa, na uzito wa gramu 16, yaani kama theluthi ya yai la kuku. Hakikushikwa kwa uzi kama tiara. Kilikwenda mita 40 na zaidi, kwa sekunde zipatazo 11, kisha kikatua salama.

Siri ilikuwa mkia. Nyuma Pénaud alitia kibawa kidogo, akakilaza kwa pembe iliyo chini kidogo kuliko ya mabawa makubwa. Pua ikiinama, mkia huiinua. Ikiinuka mno, huishusha. Kindege kikajiongoza chenyewe, bila rubani. Lile lililomvunja mgongo ibn Firnas lilipatiwa dawa katika chombo cha kuchezea.

Na hapo ndipo utamu wa vyombo vidogo ulipo. Ukikiongeza chombo urefu na upana na unene mara mbili, mabawa hupata eneo mara nne, lakini uzito huwa mara nane. Kwa hiyo kidogo huruka kabla ya kikubwa. Tena gharama yake ni senti chache, na kikianguka hakiui mtu. Hukiokota ukajua ulipokosea.

Lakini Pénaud hakutosheka na kidogo. Mwaka 1876, pamoja na fundi Paul Gauchot, alisajili ramani ya ndege ya kubeba watu wawili, yenye rafadha mbili, magurudumu ya kukunjwa na usukani mmoja wa mkononi, na iliyoweza kutua majini. Mengi ya hayo yapo katika ndege tunazopanda leo. Alikosa injini nyepesi, na zaidi alikosa mtu wa kumpa fedha. Alibisha milango ikafungwa, na wengine wakamcheka.

Inasimuliwa kuwa mwishowe alizitia ramani zake katika sanduku mfano wa jeneza dogo, akampelekea Henri Giffard, mtajiri na fundi mashuhuri ambaye hakumsaidia. Oktoba 1880 Pénaud alijitoa uhai, naye ana miaka 30. Dini yetu imelikataza jambo hilo, wala hatulisifu. Lakini waliomcheka nao wana la kujiuliza.

Laiti angalijua! Miaka miwili kabla ya kifo chake, huko Marekani, Askofu Milton Wright aliwaletea wanawe zawadi: kidude cha mianzi, karatasi na mpira wa kusokotwa, cha namna ile ile ya Pénaud. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Walikirusha hadi kikavunjika, wakaunda vingine. Walipojaribu kuunda vikubwa zaidi, vikagoma kupaa, nao wakastaajabu. Hesabu ile ya mara nane walikuja kuielewa ukubwani.

Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa ndege yenye injini. Safari hiyo ya kwanza ilikuwa ya sekunde 12 na mita zipatazo 37, karibu sawa na ya kile kindege cha Tuileries, miaka 32 nyuma.

Basi mzazi wa Eldoret, nawe wa Mvita na Lamu ambaye mwanao anashinda juani na tiara yake, usiwe mwepesi wa kukemea. Vitabu atavishika. Mkalie karibu kidogo, ukishike kile kindege chake cha mabua, umuulize: mwanangu, na mkia umeutia wapi?