Teslim Balogun: Mabao matatu yaliyofungua njia ya Uingereza

Kumbukumbu za Ligi ya Soka ya Uingereza zinamtaja Teslim Balogun kwa kifupi sana: msimu mmoja, klabu moja, mechi 13, mabao 3. Kwa kawaida mshambuliaji mwenye hesabu kama hiyo husahaulika kabla msimu unaofuata haujaanza. Lakini zaidi ya miaka 50 tangu afariki dunia, uwanja wenye viti zaidi ya 24,000 katika eneo la Surulere, Lagos, unaitwa kwa jina lake, na wapenzi wa kandanda wa Nigeria bado wanamhesabu miongoni mwa wakubwa waliowahi kuivalia jezi nchi yao.

Kati ya hesabu hizo mbili ndiko yaliko maisha yake. Balogun aliondoka kwao akiwa nyota, akahangaika na klabu nne ugenini, akarudi bila utajiri wala kombe. Alichorudi nacho ni kuijua njia na kuujua ufundi, na vitu hivyo viwili ndivyo alivyowagawia waliokuja nyuma yake.

Mpira wa reli na maduka

Balogun alizaliwa Lagos wakati Nigeria ikitawaliwa na Uingereza. Alikuwa mrefu, mwenye kifua kipana na mkwaju mzito, na mashabiki wakampachika jina la Thunder, yaani Radi. Simulizi za nyavu zilizochanika na makipa waliokwepa mpira badala ya kuudaka zilienea nchi nzima. Nyingi zilitiwa chumvi, lakini hakuna anayetungiwa simulizi za namna hiyo kwa mashuti dhaifu.

Enzi hizo mchezaji wa Nigeria hakuishi kwa mpira, kwani ligi ya kulipwa haikuwepo. Timu zenye nguvu zilikuwa za idara za serikali na za kampuni. Mchezaji aliajiriwa kama mfanyakazi mwingine, akamaliza kazi yake, kisha jioni akaingia uwanjani na jezi ya mwajiri wake. Reli ilikuwa na timu, idara ya mambo ya bahari ilikuwa na timu, na nyumba kubwa za biashara hazikukubali kubaki nyuma.

Balogun alizipitia nyingi. Alichezea Apapa Bombers, timu iliyobeba jina la eneo la bandari ya Lagos, akachezea Marine na Railway, na akaichezea Jos, mji wa nyanda za juu uliokua kwa machimbo ya bati. Alivaa pia jezi ya SCOA, kampuni ya Wafaransa, na ya UAC, kampuni ya Waingereza. Zote mbili zilinunua mazao ya Afrika Magharibi na kuuza bidhaa za viwandani kutoka Ulaya. Kila alipohama, mwajiri mpya alipata mfungaji, na jina la kampuni lilitajwa hadi sokoni.

Biashara ndiyo iliyovusha mpira mpaka kwa majirani pia. Kuanzia 1951, Nigeria na Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, zilishindania Kombe la Jalco. Jina hilo lilitokana na Joe Allen, kampuni iliyokuwa ikiuza magari katika eneo hilo. Ushindani wa Lagos na Accra, ambao mpaka leo unawatoa watu jasho, ulikua chini ya kombe lililotolewa na wauza magari.

Peku mpaka Liverpool

Mwaka 1949 kikosi cha wachezaji bora wa Nigeria, kikiongozwa na nahodha Etim Henshaw, kilipanda meli iitwayo Apapa kuelekea Uingereza. Balogun alikuwemo. Walitia nanga Liverpool mwishoni mwa Agosti. Wapinzani walioandaliwa walikuwa timu za ridhaa, zikiwemo Bishop Auckland na Dulwich Hamlet.

Wengi wa Wanigeria hao walicheza peku, vifundo vya miguu vikiwa vimefungwa bandeji. Mechi ya kwanza ilikuwa Crosby, jirani na Liverpool, dhidi ya klabu ya Kiingereza ambayo nayo inaitwa Marine. Wageni walishinda 5-2. Watazamaji waliofika kuona kioja cha watu wasiovaa viatu waliondoka wakiwa wameona mpira.

Ushindi wa namna hiyo haukudumu. Ziara ilikuwa ya mechi tisa, na walizopoteza zilikuwa nyingi kuliko walizoshinda. Ardhi ikiwa kavu, mguu mtupu unaushika mpira vizuri na kukimbia kwa wepesi. Mvua ikinyesha na nyasi kugeuka tope, mtu peku anateleza wakati mwenye daluga amesimama imara. Wachezaji hao walijifunza jambo hilo kwa kufungwa. Waliona pia mambo mapya: dhidi ya South Liverpool walicheza usiku chini ya taa za umeme, jambo ambalo hata Waingereza wenyewe walikuwa hawajalizoea.

Safari ya kurudi ilikuwa na zawadi yake. Meli iliposimama Freetown, timu ilishuka na kucheza na Sierra Leone tarehe 8 Oktoba 1949, ikashinda 2-0. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mechi ya kwanza ya kimataifa ya Nigeria. Timu hiyo ilikwenda mpaka Uingereza kujipima, lakini historia yake rasmi ikaanzia bandari ya jirani. Gold Coast nayo ilizuru Uingereza mwaka 1951, na Uganda mwaka 1956.

Ruhusa ya kuingia, nafasi ya kucheza

Ziara ile ilimwachia Balogun swali: je, Mwafrika anaweza kulipwa kwa kucheza mpira Uingereza? Kisheria hakukuwa na kikwazo kikubwa. Kanuni ya Chama cha Soka cha Uingereza ya mwaka 1931 iliwazuia wachezaji wa kulipwa kutoka nchi za kigeni mpaka wakae miaka miwili nchini humo. Haikuwagusa waliozaliwa raia wa Uingereza, na mzaliwa wa koloni la Lagos alikuwa miongoni mwao. Mtaliano angesubiri, Balogun aliweza kusajiliwa mara moja.

Lakini ruhusa ya kuingia sokoni si sawa na kupata mnunuzi. Titus Okere, aliyekuwa naye katika ziara ya 1949, alimtangulia kwenda Swindon Town, na hakupata hata mechi moja ya ligi katika timu ya kwanza. Balogun alizijua habari za mwenzake na bado akaondoka.

Mwaka 1955 alijiunga na Peterborough United. Klabu hiyo ilikuwa bado nje ya Ligi ya Soka, ikicheza Ligi ya Midland, lakini ilikuwa na nguvu kiasi cha kuutwaa ubingwa wa msimu huo. Balogun hakufanikiwa kujihakikishia namba. Katika ligi za Uingereza za wakati huo hapakuwa na mchezaji wa akiba wa kuingia kipindi cha pili. Utaratibu huo ulikuja 1965. Nafasi zilikuwa 11 tu, na aliyeachwa hakuwa na dakika hata moja ya kujionyesha. Kwa mgeni anayejifunza kucheza na daluga katikati ya tope na baridi, hayo yalikuwa mazingira magumu.

Akahamia Skegness Town, klabu ndogo ya mji wa pwani. Hapo wengi wangeuliza bei ya tiketi ya meli ya kurudi. Balogun alibaki, na mwaka 1956 akasajiliwa na Queens Park Rangers ya London, iliyokuwa Daraja la Tatu Kusini.

Oktoba mwaka huo alipangwa dhidi ya Watford, na akafunga katika mechi yake ya kwanza. Siku hiyo alikuwa Mnigeria wa kwanza kucheza mechi ya Ligi ya Soka ya Uingereza. Msimu ulipokwisha alikuwa na zile mechi 13 na mabao 3. Hakuendelea na klabu hiyo. Alikwenda Holbeach United, klabu ya mji mdogo wa mashariki mwa nchi, nje ya ligi tena, na baadaye akarudi nyumbani.

Hata angefunga mengi zaidi, asingetajirika. Mishahara ya wachezaji wa Uingereza ilikuwa na kikomo kilichowekwa na kanuni, na kikomo hicho kilipofutwa mwaka 1961 kilikuwa kimefika pauni 20 tu kwa wiki. Faida ya safari ya Balogun haikuwa ya kutiwa mfukoni. Anayetangulia njiani alfajiri ndiye anayelowa umande. Wanaofuata hukuta majani yamekwisha kulazwa. Mwaka 1960, mwaka ambao Nigeria ilipata uhuru, Elkanah Onyeali alijiunga na Tranmere Rovers, na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza kama Mnigeria anaweza kucheza ligi ile.

Mwalimu aliyerudi

Baada ya kutundika daluga, Balogun hakukaa kuhadithia mabao yake. Alisomea ukocha, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufuzu kazi hiyo kwa kiwango cha kulipwa. Mchezaji aliyefundishwa na tope na benchi ana mambo ya kumwambia kijana ambayo nyota asiyewahi kuachwa nje hana.

Oktoba 1968 alikuwa na benchi la ufundi la timu ya Nigeria kwenye Michezo ya Olimpiki nchini Mexico. Ilikuwa mara ya kwanza kwa soka la nchi hiyo kufika huko, na nyumbani vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa ikiendelea. Nigeria ilifungwa na Japani na Hispania, kisha ikatoka sare ya 3-3 na Brazil. Miaka 19 mapema, Balogun na wenzake walikuwa wakijipima na timu za ridhaa za Uingereza bila viatu.

Alifariki tarehe 30 Julai 1972, akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Miezi michache baadaye, Januari 1973, Lagos ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika katika Uwanja wa Taifa, Surulere. Wasomaji wa Afrika Mashariki huikumbuka michezo hiyo kwa sababu Filbert Bayi wa Tanzania alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mbio za mita 1,500. Wanigeria huikumbuka kwa sababu timu yao ya soka ilitwaa medali ya dhahabu. Balogun hakuwahi kuiona.

Jirani na uwanja huo ulianza kujengwa mwaka 1984 uwanja mwingine, wa mpira. Ujenzi ulisuasua miaka 23, mpaka ulipofunguliwa mwaka 2007 kwa jina la Teslim Balogun. Miaka miwili baadaye ulitumika kwa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, na mataifa mengine yakawaleta vijana wao kucheza Lagos.