Breguet: Fundi aliyekufa kabla ya kumaliza saa ya malkia, iliyokadiriwa dola milioni 30

Mwaka 1783 oda ya ajabu iliingia kwenye karakana ya fundi saa mmoja jijini Paris. Mteja, anayesemekana kuwa ofisa wa walinzi wa Malkia Marie Antoinette, alitaka saa ya mfukoni yenye kila kitu ambacho ufundi wa zama zile ungeweza kukitengeneza. Palipowezekana, dhahabu itumike badala ya madini mengine. Bei isiwe na kikomo, na muda wa kumaliza usiwekwe.

Malkia hakuwahi kuiona saa hiyo. Fundi naye alikufa haijaisha. Mwaka 2013 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 30 za Marekani.

Fundi huyo ni Abraham-Louis Breguet. Ukitaka kujua kwa nini wakusanyaji wa saa za kale wanamwaga mamilioni kwa ajili ya kazi zake, dhahabu ni jibu dogo tu. Jibu kubwa liko kwenye daftari lake.

Kijana aliyefiwa na baba

Breguet alizaliwa Januari 10, 1747 huko Neuchâtel, eneo ambalo leo ni sehemu ya Uswisi. Alikuwa na miaka 11 baba yake alipofariki. Mama akaolewa tena, na baba wa kambo, Joseph Tattet, aliyetoka familia ya mafundi saa, ndiye aliyemwingiza kwenye fani.

Akiwa na miaka 15 hivi alipelekwa Ufaransa. Huko alijifunza ufundi Versailles, jirani kabisa na kasri la mfalme, na hisabati akasomea Paris. Mwaka 1775 alioa, akafungua karakana yake Quai de l'Horloge, kwenye kisiwa kilicho katikati ya Mto Seine.

Haikuchukua muda akaanza kuvuma. Kufikia 1780 alikuwa anatengeneza saa inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mtu aliyeivaa. Ukitembea, ndani kuna uzito unacheza, unakaza springi. Matajiri wakaanza kupanga foleni.

Mapinduzi yamkuta

Tatizo ni kwamba wateja wake wengi walikuwa watu wa ikulu. Mapinduzi ya Ufaransa yalipopamba moto, kuwa fundi wa malkia ikageuka hatari. Mwaka 1793 Breguet akatorokea Uswisi. Inasimuliwa kwamba mwanamapinduzi Jean-Paul Marat, aliyezaliwa upande uleule wa Neuchâtel, ndiye aliyemsaidia kupata kibali cha kusafiria.

Oktoba 16 mwaka huohuo, Marie Antoinette alikatwa kichwa.

Breguet alirudi Paris mwaka 1795, biashara ikiwa hoi. Akaja na wazo la kimachinga kabisa: saa rahisi yenye mshale mmoja tu, mteja analipa robo ya bei wakati wa kuagiza, na iliyobaki anamalizia akikabidhiwa. Hela ya wateja ndiyo ikawa mtaji.

Mwaka 1801 alipata hataza ya kifaa kinachoitwa tubiyoni. Saa ya mfukoni hukaa wima siku nzima, hivyo mvutano wa dunia huathiri sehemu inayoongoza mwendo wake, na saa huwahi au kuchelewa. Breguet aliiweka sehemu hiyo ndani ya kizimba kidogo kinachozunguka, makosa ya upande mmoja yafutwe na ya upande wa pili. Saa za bei mbaya bado zinatumia wazo hilo hadi leo.

Feki zilikuwepo hata enzi hizo

Umaarufu ulileta wezi wa jina. Saa za bandia zilizochorwa jina la Breguet zikajaa sokoni. Yeye akajibu kwa saini ya siri: maandishi madogo mno kwenye uso wa saa, karibu na namba 12, ambayo huyaoni mpaka uigeuze saa mwanga uipige kwa ubavu.

Kubwa zaidi, kila saa ilikuwa na namba, na mauzo yaliandikwa kwenye madaftari: saa ya aina gani, imeuzwa lini, kwa nani, kwa bei gani. Madaftari hayo bado yapo Paris.

Ndiyo maana mnunuzi wa leo halazimiki kuamini maneno ya muuzaji. Mfano ni saa namba 2667. Rekodi zinaonyesha iliuzwa mwaka 1814 kwa faranga 5,000. Mwaka 2012 ilipigwa mnada Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 4 za Uswisi.

Kuna nyingine namba 2639, iliyoagizwa mwaka 1810 na Caroline Murat, malkia wa Naples na dada yake Napoleon. Ilitengenezwa ivaliwe mkononi, wakati saa za kawaida zilikaa mfukoni. Hakuna anayejua iko wapi. Tunajua iliwahi kuwepo kwa sababu tu imeandikwa.

Saa yaisha, mwenyewe hayupo

Breguet alifariki Septemba 17, 1823. Saa ya malkia, namba 160, ilikamilishwa karakanani kwake mwaka 1827, miaka 44 baada ya oda. Ina vipande 823, inagonga saa na dakika, ina kalenda na hata kipimajoto.

Mwaka 1917 ilinunuliwa London na Sir David Salomons, Mwingereza aliyekusanya saa za Breguet zaidi ya 100. Binti yake, Vera, alizipeleka nyingi kwenye jumba la makumbusho alilolianzisha Jerusalem.

Aprili 1983 mwizi aliingia humo usiku kupitia dirisha dogo na kuondoka na saa zaidi ya 100, namba 160 ikiwemo. Polisi walihangaika miaka nenda rudi. Lakini saa ile haikuwa ya kuuzika kirahisi. Mtaalamu yeyote angeitambua mara moja. Mwizi, Na'aman Diller, alifariki mwaka 2004 bila kuiuza. Mwaka 2006 saa 39 zilirudishwa kupitia wakili, namba 160 ikiwa ndani ya kundi hilo, na nyingine nyingi zikapatikana mwaka 2008 kwenye sefu za benki nchini Ufaransa.

Kwa hiyo kama babu alikuachia saa kuukuu kabatini, usikimbilie kuing'arisha wala kubadilisha uso wake. Vipande halisi, hata vilivyochakaa, ndivyo vinavyotafutwa. Fungua droo kwanza: tafuta risiti, boksi, karatasi ya fundi, picha ya mzee akiwa ameivaa. Halafu nakili namba iliyochongwa ndani na uitunze mahali pengine, mbali na saa yenyewe.